Kutazama ndege, kasa na viumbe wa pwani ukiwa mtu mzima, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wazima wa mjini na mashamba, na kwa watoto wao wanaotaka kuwatoa wazee nje ya nyumba. Majibu yanahusu zaidi mwisho wa kaskazi na masika, yaani Machi hadi Mei. Ndicho kipindi ambacho ufuo wetu huwa na shughuli kubwa, na ndicho ambacho wazee wengi hujifungia ndani. Mimi nami nimeshastaafu, na goti langu la kushoto haliniruhusu kila kitu, kwa hiyo ushauri wote hapa ni wa mtu anayekwenda pole pole.

Kwa nini Machi na Aprili? Si ndiyo miezi ya joto na mvua?

Ndiyo, lakini ndiyo pia miezi ya ndege kuaga. Sululu, vitwitwi na jamaa zao wengi waliofika kwetu kuanzia Agosti na Septemba hujitayarisha kurudi kaskazini kuzaa. Ulaya na Siberia wakati huo ni majira ya kuchipua, theluji inayeyuka na wadudu wanaanza kutoka. Sisi hatuna majira hayo, lakini dalili zake tunaziona ufuoni kwetu, kwenye manyoya ya ndege.

Mtazame kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Disemba ni wa kijivu, humtofautishi na tope. Ikifika Aprili kifua na tumbo vimekuwa vyekundu kama tofali la kuchoma. Ndege huyu ana uzito kama wa yai la kuku, na anakokwenda kutaga ni kaskazini kabisa mwa Siberia. Katika wiki za mwisho hula kila anapopata nafasi, mpaka ananenepa waziwazi, maana mafuta yaliyo chini ya ngozi ndiyo chakula chake cha njiani. Yuko na mwingine mkubwa zaidi, mwenye kichwa cha mviringo na macho makubwa meusi, ambaye hugeuka mweusi kuanzia mashavuni hadi tumboni. Aliyewaona Januari akaja kuwaona tena Aprili anaweza kudhani ni ndege wengine kabisa.

Ninayempenda kuliko wote ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene kama koleo, anayekula kaa. Huzaa kwenye fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pande za Arabuni, ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Kinda hufuatana na mzazi mpaka huku kwetu na bado huomba kulishwa. Utamwona mtoto mkubwa kama mama yake, wa kijivujivu, anamkimbilia nyuma akilia apewe kaa. Kaa kimya umtazame, utacheka peke yako.

Siwezi tena kutembea mbali kwenye maji makavu. Nitawaona vipi ndege ambao wako kule mwisho wa macho?

Usiwafuate. Maji yatawaleta ulipo.

Hili ndilo jambo ningependa kila mzee alijue, kwa sababu vijana wengi hulikosea. Wakifika ufuoni maji yamekauka, wanatembea kuwafuata ndege, ndege wanasogea mbele, wanatembea tena, mwisho wanarudi wamechoka na hawajaona kitu. Mtu aliyekaa juu ya ufuo, chini ya mvinje au mkungu, akangoja maji yajae, huwaona karibu kuliko wao. Maji yanapopanda, sehemu ya kulia chakula inapungua, na ndege wanasogezwa taratibu kuelekea nchi kavu. Saa moja au mbili kabla ya maji kujaa kabisa, kundi zima linaweza kuwa limesimama mbele yako kwenye kipande kidogo cha mchanga.

Sasa chagua siku. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukauka kuliko kawaida, mwezi ukiandama na siku ya 14 au 15 tangu kuandama, kwetu maji hukauka sana karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Maana yake ndege watakusogelea saa nane na saa tisa mchana, jua likiwa kali, na kwa mtu wa presha hiyo si saa ya kukaa nje. Lakini kila siku inayopita maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo ukihesabu mpaka siku ya 3 hadi 5 ya mwezi wa kuandama, au siku ya 18 hadi 20, maji hujaa asubuhi, takriban kati ya saa moja na saa tatu. Hizo ndizo siku zetu. Unasali alfajiri, unakunywa chai, unatoka na kigoda, na kabla jua halijachoma umeshamaliza na umerudi nyumbani.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Mwulize mvuvi wa hapo ulipo, yeye anayajua maji ya kijiji chake kuliko kalenda yoyote. Wakati wa maji mafu pia uende ukitegemea kidogo, kwa sababu maji hayapandi sana na ndege hawasukumwi hadi karibu.

Nilizoea kuchokoa pweza tangu msichana. Bado naweza kwenda mwambani?

Unaweza, mama, ukibadilisha namna ya kwenda. Bamvua la Machi, karibu na tarehe 21 usiku na mchana vinapolingana, ni miongoni mwa makubwa ya mwaka mzima, na maji yanakauka hadi mahali ambapo miezi mingine hupaoni. Tamaa ya kwenda mbali huwa kubwa siku hizo.

Kumbuka maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa mbili za katikati ndizo zinazoleta karibu nusu ya maji yote. Kwenye bamvua, tofauti ya maji makavu na maji makuu kwetu hufika karibu mita 4, kwa hiyo katika saa mbili hizo maji yanaweza kupanda mita 2. Sehemu kama Chwaka zina mikondo inayojaa nyuma yako kabla hujaona maji mbele yako. Ulipokuwa na miaka 30 ulikimbia, leo usitegemee kukimbia. Maji yakiwa yanamalizia kukauka, wewe uwe umeshageuza uso kurudi.

Nenda na mtu. Vaa raba zenye kisigino kilichoshika, siyo kandambili, na chukua mkongojo wa kupimia mbele kabla ya kuweka mguu. Ukoga wa kijani juu ya jiwe huteleza kuliko unavyoonekana. Na usitie mkono ndani ya shimo usiloliona.

Nina kisukari, miguu ina ganzi. Je, maji ya chumvi si dawa ya vidonda?

Hapana, tafadhali. Mguu wenye ganzi unaweza kukatwa na tumbawe usihisi, ukagundua usiku shuka likiwa na damu. Usiingie baharini wala kutembea ufuoni bila viatu vilivyofunika vidole. Ukirudi, osha miguu kwa maji safi, kausha katikati ya vidole, kisha itazame juu na chini. Kama huwezi kuinama, mwite mjukuu akuangalie au tumia kioo. Kidonda chochote, hata kidogo, kipeleke kituo cha afya mapema.

Ukichomwa na samaki aitwaye taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, au na yule samaki anayefanana na jiwe, dawa ya kwanza ni kuloweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu anaweza kuyavumilia, mpaka dakika 90, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Lakini mwenye ganzi asiyapime maji hayo kwa mguu wake. Mtu mwingine mzima ayapime kwa mkono, la sivyo mtatibu sumu mkaleta kidonda cha moto.

Na dawa za presha?

Baadhi ya vidonge vya presha hukupelekea kukojoa mara kwa mara, na juu ya jua la Machi mwili hukauka haraka. Usiache dawa kwa sababu ya matembezi. Mwulize daktari wako kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku hiyo. Chukua maji ya kunywa, kaa kivulini, inuka pole pole kutoka kwenye kigoda kwa sababu kizunguzungu huja pale unaposimama. Kabla ya kuondoka nyumbani jua choo kiko wapi: msikitini, skuli, kwa jamaa. Wazee wengi huacha kutoka kwa ajili ya choo tu, na hawasemi.

Siku za Ramadhani, kwa aliyefunga, nenda baada ya alfajiri au baada ya alasiri, na usikae sana.

Macho yangu yana mtoto wa jicho. Darubini itanisaidia?

Kidogo, lakini anza na daktari wa macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na watu waliofanyiwa hunieleza kwamba jambo la kwanza walilolishangaa ni rangi. Aliyekuwa akimwona mdiria wa mikokoni kama kitu cha kijivu aliliona tena buluu lake na mdomo mwekundu.

Katika kununua darubini, usidanganywe na namba kubwa. Imeandikwa 8x42, kwa mfano: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ikuzayo mara 10 au 12 hukuza pia mtetemeko wa mkono, na mikono yetu hutetemeka. Mara 7 au 8 inatosha. Kaa, weka viwiko juu ya magoti, au egemeza darubini juu ya mpini wa mkongojo. Kama unavaa miwani, tafuta yenye mipira ya machoni inayokunjika ili uitumie bila kuivua. Nzito itakuumiza shingo, kwa hiyo ijaribu dukani kwa dakika kadhaa kabla ya kutoa pesa.

Usiielekeze kwenye jua hata kidogo.

Sisikii vizuri. Nakosa nini?

Unakosa sauti nyembamba kwanza, zile za vitwitwi vidogo. Sululu bado utamsikia, analia mfululizo kama mtu anayecheka mbali. Ufuoni macho hufanya kazi kubwa kuliko masikio, tofauti na msituni, kwa hiyo asiyesikia vizuri asione ameachwa nyuma.

Niende wapi Unguja, mahali pasipo na mwendo mrefu?

Kwa mikoko, nenda Pete, karibu na Jozani, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa 2004. Pana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya tope, unatembea katikati ya mikoko, michu na misinzi bila kuchafua kiatu. Maji yakiwa makavu utaona kaa wenye gando moja kubwa la kupungia, na samaki wadogo wanaotembea juu ya tope kwa mapezi yao. Mbao zikilowa huteleza, kwa hiyo baada ya mvua ya masika subiri zikauke. Uwaombe wanaokutembeza wasiende mbio. Wamezoea watalii wenye haraka.

Hapo hapo upande wa msitu wako kima punju, ambao kwa asili hawako popote duniani ila Unguja. Hesabu iliyotangazwa 2017 iliwapata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Ni wanyama wanaokaribia watu, na hii ndiyo hatari yake: tunaweza kuwaambukiza mafua. Kaa mita chache mbali nao, usiwalishe, na ukiwa na kikohozi uahirishe.

Rahisi kabisa kwa magoti ni kutazama kutoka barazani. Yeyote anayekaa Mjini karibu na bahari, Forodhani au Mizingani, anaweza kuona buabua na shakwe wakiwinda dagaa bila kulipa senti.

Changuu pia ni pazuri kwa wazee. Kobe wakubwa waliopo asili yao ni Aldabra, Shelisheli, na waliletwa 1919 wanne wa kwanza. Kobe hawa huishi zaidi ya miaka 100, na hakuna atakayekuharakisha mbele yao. Tatizo ni boti: uliza kabla kama mtashuka ufukweni kwa kuingia majini, na kwa kina gani.

Boti inanitisha. Pomboo wa Kizimkazi nitawaona bila kuzama majini?

Utawaona ukiwa umekaa, na vizuri zaidi. Pomboo wa Ghuba ya Menai, eneo lililohifadhiwa tangu 1997, ni wakaazi wa pale, hawahamihami. Hadi miaka ya 1990 waliwindwa ili wawe chambo cha papa; leo kijiji kinapata riziki kwa kuwaonesha. Ila tabia ya boti nyingi kuwazunguka na watu kurukia majini juu yao inawachosha, nami naisema wazi kwamba siipendi. Mzee anayekataa kuruka anawafanyia hisani. Mwambie nahodha tangu pwani: tunakwenda taratibu, tunazima mashine tukiwa mbali, wakitaka watakuja wenyewe.

Kipindi cha tanga mbili, kaskazi ikiisha na kusi haijashika, bahari mara nyingi hutulia, na asubuhi ndiyo saa yake. Kusi likishaanza kuvuma, subiri. Vaa jaketi la uokozi hata kama vijana wanasema hakuna haja, na upande boti kwa kushikwa mikono miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Mimi ni wa Pemba. Kuna nini cha karibu?

Kuna popo wetu, na watu wa Unguja hawana. Popo wa Pemba hapatikani kokote nje ya kisiwa hicho, mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita 1.6. Zamani aliwindwa sana kwa kitoweo, akapungua hadi kukadiriwa kwa mamia, na wanakijiji wa sehemu kama Kidike walipoamua kuyalinda makazi yake akaongezeka hadi makumi ya maelfu. Kwa mzee hii ni burudani ya kiti. Kaa nje kabla ya magharibi, uso uelekee mahali wanapolala, na watapita juu yako kwenda kutafuta matunda.

Ngezi, kaskazini magharibi, ni msitu wenye kivuli, na pale au mashambani unaweza kuwaona ndege 4 ambao ni wa Pemba peke yake: bundi mdogo, njiwa wa kijani, chozi, na kile kidogo cha manjano chenye duara jeupe machoni. Misali, iliyohifadhiwa tangu 1998, ni safari ya boti, kwa hiyo angalia bahari kwanza.

Nataka kumwona kasa akitaga kabla sijafa. Inawezekana?

Inshallah, lakini ujiandae kwa usiku, kungoja, na pengine kutoona kitu. Kasa hupanda ufukweni usiku, na fukwe kama za Misali na Mnemba zina walinzi wanaojua. Nenda nao tu. Hakuna tochi nyeupe, hakuna simu yenye mwanga, hakuna kusimama mbele yake. Mayai hukaa mchangani karibu miezi 2, na joto la mchanga ndilo linaloamua watatoka majike au madume. Mchanga wa moto huleta majike zaidi. Kasa anayetaga amekwisha kuishi miongo kadhaa, wengine ni wakubwa kuliko watoto wako.

Kama usiku ni mgumu, wako kasa wa kutunzwa kwenye bwawa la Mnarani, Nungwi, mchana kweupe.

Nimeambiwa nyama na mafuta ya kasa huondoa maumivu ya viungo kwa wazee. Kweli?

Usile, wala usimpe mtu. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi, na haina dawa ya kuipinga. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kuila, 8 kati yao watoto. Kwa viungo, nenda hospitali, na utembee kidogo kila siku mchangani penye mchanga mgumu.

Baba yangu ameanza kusahau. Nimpeleke pwani?

Mpeleke, mahali anapopajua tangu ujana, asubuhi, si jioni. Usimsaili majina. Keti naye, akitaja pepo za bahari au samaki wa zamani msikilize. Usimwache peke yake karibu na maji hata dakika moja.

Wajukuu wanasema ndege wako wengi. Mimi nakumbuka walikuwa zaidi. Nani yuko sahihi?

Inawezekana nyote. Mtoto hulinganisha na mwaka jana, wewe unalinganisha na miaka 50 iliyopita, na kumbukumbu hiyo haipo popote ila kichwani mwako. Iandikwe. Mwambie mjukuu achukue daftari: ufuo gani, mwezi gani, uliona nini ulipokuwa na umri wake, mikoko ilifika wapi, kasa walipanda wapi, ilianza lini kupungua. Sema unachokikumbuka kwa uhakika, na penye mashaka sema ni mashaka. Kisha muanze hesabu mpya pamoja, mahali pale pale, siku zile zile za mwezi, yeye kwa macho na wewe kwa majina. Wanaohifadhi maeneo hayo hupokea taarifa kama hizi kwa shukrani.

Mwezi wa Juni nimeona sululu bado wako. Hawa ni wagonjwa?

Mara nyingi si wagonjwa. Ndege wa pwani waliozaliwa mwaka uliopita wengi hawarudi kaskazini mara ya kwanza, wanabaki huku mpaka wakomae. Rangi zao hazigeuki sana, ndiyo maana wanaonekana wamechakaa. Waandike pia kwenye daftari, idadi na tarehe, kwa sababu wanaobaki hawahesabiwi na wengi.